Grinkadi si ikama ya Dubai

Mhariri,

Kwa miaka mingi, Oktoba ilipokuwa ikikaribia, magazeti yetu yalijaa maelezo ya kucheza bahati nasibu ya viza ya Marekani: picha ipigwe vipi, jina liandikwe vipi, mke na watoto watajwe wote asisahauliwe hata mmoja. Ni maelezo mazuri na yamewafaa wengi, mimi mmojawapo. Lakini sijapata kuona safu inayomweleza aliyeshinda afanye nini baada ya kushuka ndegeni. Namwandikia huyo, na hasa mwenzangu aliyeko Ghuba mwenye mkataba asioweza kuuvunja, ambaye viza ya kuhamia Marekani imemfikia ilhali riziki yake ingali upande mwingine wa dunia. Mimi nilikuwa hapo. Nilikaribia kupoteza grinkadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani, yangu, ya mke wangu na ya binti yangu, kwa kufuata neno moja ambalo watu wa pwani wanaambizana mpaka leo.

Neno lenyewe ni hili: "Kanyaga mara moja kwa mwaka, kadi haifi."

Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. Nimeendesha kreni za kupakulia makontena miaka kumi na moja, mitatu bandari ya Kilindini, Mombasa, na minane bandari ya Jebel Ali, Dubai. Unakaa katika kibanda cha vioo juu ya meli, shingo umeiinamisha zamu nzima, unatazama kontena likining'inia kati ya magoti yako. Kazi hiyo ndiyo iliyojenga nyumba ya mama, ikasomesha wadogo zangu wawili, na mama alipopata kiharusi mwaka 2021 ndiyo iliyolipa hospitali na mtu wa kumnyoosha viungo kila wiki.

Mwaka huohuo, mwezi wa Mei, niliona jina langu limetoka. Niliomba Oktoba 2020 katika saiba moja, duka la intaneti, mjini, kwa hiyo tulikuwa washindi wa mwaka wa 2022, ambao viza zao zilikuwa zitolewe kabla ya tarehe 30 Septemba 2022 au zipotee kabisa. Nilirudi likizo, tukaenda Nairobi watatu: mimi, mke wangu, na binti yetu aliyekuwa na miaka kumi na minne. Kupimwa afya, kisha mahojiano Machi 2022, dola 330 kwa kila kichwa. Tukapata. Viza ilikuwa ya miezi sita, na miezi yenyewe haihesabiwi tangu siku ya kupewa, inahesabiwa tangu siku ya kupimwa. Ilitubidi tuwe tumeingia Marekani kabla ya Agosti kuisha.

Mkataba wangu Jebel Ali ulikuwa na miaka miwili mbele. Likizo ilikuwa siku 30. Mama alikuwa hawezi kuinua kijiko kwa mkono wa kulia, na mke wangu ndiye aliyekuwa akimlisha.

Nikamuuliza kijana wa saiba, ambaye tayari alikuwa amenitoza shilingi 15,000 kutujazia DS-260, fomu ya kuomba viza ya kuhamia, ambayo kuijaza hailipiwi. Akaniambia, "Mzee, usijitie hofu. Ingieni, mpigwe muhuri, mtoke. Kisha mkanyage tena kabla miezi kumi na miwili haijatimia. Hivyo hivyo kila mwaka."

Nataka wasomaji waelewe kwa nini nilimwamini, maana mimi si mtu wa kuamini kila neno. Nilimwamini kwa sababu ndivyo ilivyo ikama, yaani kibali cha kuishi Dubai. Anayeishi Dubai anajua: ukikaa nje ya nchi zaidi ya siku 180 mfululizo, ikama inakufa yenyewe. Basi watu wanahesabu. Nimeona wenzangu wamerudi siku ya 170 kutoka Lamu, kutoka Pemba, wakapita uhamiaji bila kuulizwa lolote, na hesabu ikaanza upya. Hakuna anayekuuliza moyo wako uko wapi wala watoto wako wanasoma wapi. Una kafili, yaani mdhamini wako, una ikama, siku zako hazijapita, pita. Tumeishi na kanuni hiyo miaka mingi hata tumeidhania ni kanuni ya dunia nzima. Kwa hiyo mtu akituambia Marekani ni vivyo hivyo, ila miezi ni kumi na miwili badala ya sita, tunaona amesema jambo la maana.

Tukaingia New York Julai 2022. Afisa akagonga muhuri juu ya viza. Muhuri ule peke yake ni ushahidi wa ukaazi kwa mwaka mzima, hata kadi yenyewe isipokuwa mkononi. Tulikuwa tumeshalipa dola 220 kila mmoja za kutengenezewa kadi. Tukapanda ndege nyingine mpaka Columbus, Ohio, kwa binamu yangu, tukalala kwake usiku 26, tukarudi. Mimi Jebel Ali, wao Mombasa. Kadi zilifika kwa posta Septemba, binamu akazifungia kabatini.

Niliporudi kreni nilijiona nimemaliza kazi.

Juni 2023, miezi kumi na moja tangu tuingie mara ya kwanza, nikachukua likizo, tukakutana Dubai tukapanda ndege ya Marekani. Uwanja tulioingilia sitautaja, wala simlaumu afisa yule. Alikuwa akifanya kazi yake. Alitazama mihuri, akahesabu, akatupeleka chumba cha pembeni. Tukakaa hapo saa mbili na nusu. Akaniuliza ninaishi wapi. Nikasema Columbus. Akauliza nani ananilipa mshahara, nikasema kampuni ya Jebel Ali. Kodi ya mwaka jana umepeleka? Sikujua kama natakiwa. Una nyumba ya kupanga, akaunti ya benki, leseni ya gari? Nina anwani ya binamu. Kisha akamgeukia binti yangu, kwa upole kabisa, akamuuliza anasoma shule gani. Mtoto akamjibu kweli, kama tulivyomlea. Akaitaja shule yake ya Mombasa, na kidato.

Pale ndipo nilipofahamu. Sikuwa na la kuongeza. Mtoto alikuwa amesema nyumbani kwetu ni wapi.

Afisa akanisogezea fomu inayoitwa I-407, akanieleza kwamba kama siishi Marekani naweza kuirudisha kadi kwa hiari yangu na siku za mbele nikaomba viza ya kutembea. Nikamwambia, bwana, nahitaji muda, mama yangu ni mgonjwa na mkataba wangu haujaisha, lakini nia yetu ni kuhamia. Akatoka, akarudi, akaandika kitu kwenye kompyuta, akatupitisha. Akaniambia safari nyingine hatapita mtu hivi hivi. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba hakuna anayelazimishwa kutia saini fomu ile, na kwamba mwenye kadi akikataa ana haki ya kupelekwa mbele ya jaji wa uhamiaji, na jaji ndiye anayeamua. Siku ile sikulijua hilo. Lau angekuwa mkali kidogo, wallahi ningetia saini, na wangetia saini nyuma yangu mke na mtoto.

Ijumaa iliyofuata binamu alinipeleka msikitini kwao, ambapo wakili mmoja, mama wa makamo, hukaa baada ya swala kusikiliza watu bila malipo. Aliyonieleza ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu.

Alisema sheria yao haiulizi ulikanyaga lini, inauliza makao yako ni wapi na ulipotoka ulitoka kwa safari yenye mwisho au ulihama. Siku zinahesabiwa, naam, lakini kama dalili tu. Ukiwa nje chini ya miezi sita kwa kawaida huulizwi mengi, ingawa hata hapo wanaweza kukuuliza wakiona unaingia kila mara wiki mbili na kutoka miezi mitano. Ukipita siku 180 mfululizo unahesabiwa kama mtu anayeomba kuingia upya, nao wana haki ya kukuchambua kama walivyotuchambua sisi. Ukipita mwaka mmoja, kadi haifai tena kama hati ya kuingilia, na mara nyingi shirika la ndege halitakupandisha.

Na kwa mtu kama mimi, mwenye kazi nje yenye tarehe ya kuisha, kumbe ipo njia halali iliyotengenezwa mahsusi. Ni kibali cha kuingia tena. Kinaombwa kwa fomu I-131, na kinakuruhusu kukaa nje hadi miaka miwili bila kukaa kwenyewe nje kuhesabiwa kwamba umeyatupa makao. Sharti lake kubwa ndilo ambalo kijana wa saiba hakulijua au hakujali kulijua: fomu lazima uipeleke ukiwa ndani ya Marekani kwa mwili wako. Ukishaondoka, umechelewa. Huwezi kuiombea Dubai, wala Mombasa, wala Muscat. Baada ya hapo unaitwa kupigwa picha na alama za vidole, hukohuko Marekani. Ukishamaliza hilo unaweza kuondoka, na kibali chenyewe kikatumwa kwenye ubalozi au ubalozi mdogo wao ulio karibu na kazi yako ukakichukue.

Mhariri, nilipokuwa Columbus usiku 26 mwaka 2022 ningeweza kuipeleka fomu ile siku ya pili tu, na muhuri wa pasipoti ungetosha kuthibitisha. Siku 26 huenda zisingetosha kusubiri alama za vidole, lakini ningejua kuomba likizo ndefu zaidi. Nikipiga hesabu, viza na kadi zilitugharimu dola 1,650, mbali na hospitali na tiketi za ndege za watu watatu mara mbili. Kibali kimoja kwa wakati ule kilikuwa dola 660, pamoja na ada ya alama za vidole. Nilitumia fedha zote zile nikakosa mtu wa kuniambia neno moja lililokuwa la bure.

Tulikaa usiku huo sebuleni kwa binamu tukaamua. Mke wangu na binti hawarudi. Mama mdogo wangu alikubali kuhamia Kisauni kumtunza mama, nami nikamwongezea fedha ya mtu wa kumsaidia. Hilo halikuwa jambo jepesi na silisemi kwa wepesi; mama alilia kwenye simu, akasema amemzoea mkamwana wake. Mimi nikapeleka I-131 yangu mwisho wa Juni, nikaomba bandarini wiki nne bila malipo, nikapigwa alama za vidole mwanzoni mwa Agosti, nikaondoka. Kabla ya kuondoka tulipanga nyumba ya vyumba viwili kwa jina langu na la mke wangu, tukafungua akaunti ya benki, binti akaandikishwa shule, na tukawaarifu uhamiaji anwani mpya, maana ukihama nyumba unatakiwa uwaarifu ndani ya siku kumi.

Kodi nayo. Hili wenzangu wa Ghuba mlisikie vizuri, kwa sababu sisi tumezoea mshahara usiokatwa kodi na neno lenyewe tumelisahau. Mwenye grinkadi anatakiwa kupeleka hesabu ya kodi Marekani kila mwaka kwa kipato chake chote, popote kilipopatikana, hata kama ni dirhamu zilizoingia benki ya Dubai. Kupeleka hesabu si lazima iwe kulipa. Anayefanya kazi nje kwa siku 330 ndani ya miezi kumi na miwili anaweza kuomba mshahara wake usamehewe hadi kiwango fulani, ambacho kwa mwaka 2023 kilikuwa dola 120,000. Mwendesha kreni hafiki huko. Nilipeleka ya 2022 nikiwa nimechelewa, na ya 2023 kwa wakati. Akaunti zako zote za nje zikifika kwa jumla zaidi ya dola 10,000 siku yoyote katika mwaka, zinaripotiwa kwa fomu nyingine ya peke yake. Wakili alinionya juu ya kosa moja analoliona sana: mtu anajaza fomu za kodi kama mgeni asiye mkaazi ili apunguze usumbufu, na kwa mkono wake mwenyewe anakuwa ameandika kwamba hakai Marekani. Karatasi hiyo atakuja kuonyeshwa.

Kibali kilinifikia Dubai Mei 2024, miezi kumi na moja tangu niombe. Ni kijitabu mfano wa pasipoti. Nilimaliza mkataba, nikachukua kiinua mgongo changu, nikapitia Mombasa kumuona mama wiki tatu, nikaingia Marekani Oktoba 2024. Nilikuwa nimekaa nje miezi kumi na minne. Afisa alikifungua kijitabu, akauliza nilikuwa wapi na familia iko wapi, akanikaribisha nyumbani. Sidhani zilipita dakika tatu. Nilikumbuka chumba cha pembeni nikashindwa kusema asante vizuri.

Kibali kina mipaka yake, na sitaki mtu atoke kwenye barua yangu na uwongo mwingine badala ya ule wa saiba. Kinailinda kadi, hakiilindi miaka mitano ya kuelekea uraia. Kukaa kwangu nje zaidi ya mwaka kuliikata hesabu hiyo, na sasa nitaomba uraia miaka minne na siku moja baada ya kurudi, yaani Oktoba 2028. Mke wangu, ambaye hakutoka tena, atanitangulia. Halikadhalika huwezi kuishi kwa vibali milele: ukiwa umekaa nje zaidi ya miaka minne katika mitano, wanachokupa kwa kawaida ni cha mwaka mmoja tu. Na hata ukiwa nacho, wakiona umehama kabisa, wanaweza kukuuliza. Kwa hiyo asiye na nia ya kuhamia asijidanganye kwamba atakaa Dubai miaka kumi na kadi ya Marekani mfukoni kama akiba. Ni afadhali airudishe kwa heshima, abaki na rekodi safi.

Namfikiria dada mmoja wa Tanga, muuguzi huko Muscat, ambaye tulifahamiana kwa simu kupitia binamu. Alishinda bahati nasibu kabla yangu, akaingia Marekani, akarudi kazini Januari 2020 bila kibali, kwa neno lilelile la kukanyaga. Anga zikafungwa kwa ajili ya Korona. Zilipofunguliwa hospitali ilikuwa haina watu, wakamwomba abaki, na mshahara ulikuwa ukimsomeshea watoto wa marehemu kaka yake. Alipofika kaunta ya ndege mwaka 2022, hakupandishwa. Akaomba viza ya mkaazi anayerudi, ile wanayoiita SB-1, akalipa dola 180 za maombi. Viza hiyo inataka uthibitishe kwamba ulichelewa kwa jambo lililokuwa nje ya uwezo wako. Korona ilimpa hoja kwa miezi ile anga zilipofungwa. Miezi iliyofuata alikuwa kazini, analipwa, na kazi ya mshahara kwao haihesabiwi kuwa jambo lililo nje ya uwezo. Wakamkatalia. Akaanza kucheza upya. Ni mtu mwema, aliyefanya kila kitu kwa ajili ya wengine, na kilichomponza ni fomu moja aliyoweza kuijaza alipokuwa sebuleni kwa mwenyeji wake.

Basi ombi langu kwako, Mhariri. Mnapochapisha maelezo ya kucheza, chapisheni na haya, ukurasa uleule, kwa Kiswahili kinachosomeka. Wengi wanaoshinda ni watu wenye kazi tayari, wenye wazazi wagonjwa na madeni ya ujenzi. Hawawezi kuhama kwa siku moja, na sheria yenyewe imewafikiria. Wanachohitaji ni kuambiwa kabla ya kupanda ndege ya kurudi, si baada. Wapange likizo ya wiki nane badala ya nne. Wapeleke I-131 wiki ya kwanza. Waende kwa wakili wa uhamiaji aliyesajiliwa, au kwenye mashirika ya msaada wa sheria yanayotoza kidogo au yasiyotoza; katika miji mingi yenye wageni yapo. Ada hubadilika, kwa hiyo waitazame ya siku hiyo kwenye tovuti ya uhamiaji yenyewe, si kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa saiba.

Na wewe kijana wa saiba, kama unalisoma gazeti hili, sina kinyongo nawe. Lakini watakuja wengine na viza zao mpya kukuuliza kama nilivyokuuliza mimi. Waambie hujui. Wape jina la fomu.

Mwendesha kreni wa zamani,
Kisauni, sasa Columbus, Ohio